Jumatatu Iliyomeza Jumamosi

28 Machi 1953, Jumamosi. Majengo, Thika

Mvua imeanza kwa hasira. Saida ameweka sufuria tatu chini ya bati linalovuja, kisha akanikumbusha kwamba mume wa jirani alipanda paa lake tangu juzi. Nimemwambia mke wangu kwamba mimi ni mkalimani wa korti, si fundi wa bati. Amenijibu, "Basi ongea na hiyo bati na lugha yake, iache kuvuja." Kwa hiyo naanza daftari hili nikiwa nimejibanza upande mkavu wa chumba.

Habari ni mbili na usiku ni mmoja, wa juzi Alhamisi. Lari, watu wamechomwa ndani ya nyumba zao. Naivasha, kituo cha polisi kimevamiwa. Kortini leo hakuna aliyesema jambo jingine. Odhiambo, karani wetu kutoka Nyanza, ana kalenda ya misheni ambayo chini ya kila tarehe pameandikwa jambo kubwa lililowahi kutokea siku kama hiyo, na kila asubuhi hutusomea kabla hajavua koti. Leo alichukua kalamu akaongeza mwenyewe Lari na Naivasha kwenye mraba wa tarehe 26, kwa herufi ndogondogo ili zote mbili zienee. Nilimwuliza kwa nini asiandike moja tu. Akasema, "Nani atachagua?"

30 Machi, Jumatatu

Kesi tatu za kukosa kipande cha utambulisho, moja ya wizi wa kuku. Mvua.

9 Aprili, Alhamisi

Hukumu ya wale viongozi walioshitakiwa Kapenguria ilitoka jana. Miaka saba. Sokoni watu walinunua vitunguu kwa sauti ya chini kama walioko matangani.

Mimi sina la kusema. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mkikuyu wa Gitothua, na baba yangu Mmanyema aliyefika huku na jeshi. Hivyo nimepata lugha mbili za bure, na ya tatu, Kiingereza, niliilipia kwa viboko. Kazi yangu ni kuvusha maneno. Mkalimani mzuri ni mfereji: maji yakiingia machafu, yatoke machafu vilevile. Wenzangu wawili walijaribu kuyachuja na leo mmoja anauza mkaa. Mimi nimedumu.

15 Aprili, Jumatano

Kwa kalenda ya Odhiambo, tarehe kama ya leo alikufa rais wa Amerika aliyepigwa risasi, na tarehe kama ya leo, miaka mingi baadaye, ilizama ile meli kubwa iliyogonga barafu. Odhiambo anaamini kwamba siku zina ukoo kama watu, na hii ina damu mbaya. Nilimwambia siku ni kikapu tu, kinabeba unachotia. Hakupendezwa, na chai yake hakunigawia.

20 Aprili, Jumatatu

Imeanza kesi ya Kang'ethe. Namfahamu kwa sura. Ni fundi wa baiskeli pale Ruiru, kijana mrefu mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na aliwahi kunizibia pancha mbili akanitoza moja.

Shitaka lenyewe: kwamba usiku wa tarehe 20 Oktoba mwaka jana alichoma ghala la mahindi la hedimani, mkuu wa Serikali pale Gitothua. Tarehe hiyo ndiyo Serikali ilipotangaza Hali ya Hatari, ambayo watu wote huku wanaiita Imajensi, kwa hiyo kesi imepata uzito kuliko mahindi yenyewe. Siku ya moto haina ubishi. Hedimani alifika kituoni alfajiri ya Jumanne akinuka moshi, na polisi walikwenda wakakuta majivu bado ya moto. Kinachobishaniwa ni mkono uliowasha kiberiti. Kang'ethe akipatikana na hatia, Odhiambo anasema hatapungukiwa miaka saba, maana siku hizi kila mtu anapimwa kwa kipimo cha Kapenguria.

Mama yake, Waithira, ameketi barazani tangu asubuhi na kikapu mapajani. Alipofungwa nira mwanawe—yaani pingu, Saida huniambia naandika kama mwalimu wa Kiislamu—hakulia. Alinitazama mimi.

27 Aprili, Jumatatu

Shahidi wa kwanza wa Serikali ni Gichuru, mwenye duka Gitothua. Mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa. Alisema hivi, nami nikavusha kwa Kiingereza neno kwa neno:

"Siku ile ya Imajensi, jioni, huyu kijana alikuja dukani kwangu. Duka lilikuwa limejaa, vibarua wa kahawa walikuwa wametoka kulipwa, hata nafasi ya kugeuka hakuna. Akanunua mafuta ya taa, debe zima. Mimi nikamwuliza, 'Debe zima ya nini?' Akacheka tu."

Hakimu akauliza kama ana hakika ya siku.

"Bwana, hiyo siku nitasahau namna gani? Ni siku ya Imajensi!"

Kang'ethe aliinamisha kichwa. Hakukana mafuta. Mimi niliona jinsi Gichuru alivyolishika jibu lake kwa haraka, nikajua amefundishwa na hedimani. Mashahidi waliofundishwa hujibu kabla swali halijakaa chini.

28 Aprili, Jumanne

Nimeanza kujifurahisha. Kila anayepanda kizimbani kueleza habari za kijana huyu hutaja tarehe ile, na kila mmoja ana jambo lake. Kwa ushahidi wa jana na leo, siku ya Imajensi ng'ombe wa mlinzi alizaa pacha, Mto Ruiru ulifurika ukachukua mbuzi, kengele ya kanisa ilipasuka, na mke wa mpishi mmoja alitorokea Kiuu na cherehani ya watu. Nilimhesabia Odhiambo haya yote, nikamwambia aongeze kwenye kalenda yake. Akaniambia mraba wa tarehe 20 Oktoba umeshajaa vita vya baharini vya Wazungu.

Watu hawa ni waongo wasio na haya. Hata mbuzi wao anataka kufa siku ya historia.

6 Mei, Jumatano

Hakimu amekwenda kusikiliza kesi Fort Hall. Nimepanda paa. Linavuja bado, mahali pengine.

15 Mei, Ijumaa

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Kwetu Majengo tumeanza kufunga leo. Salehe wa msikitini, ambaye tumepewa naye jina moja na akili mbalimbali, anashikilia kwamba kuna waliouona mwezi tangu juzi. Watu wazima wamekaribia kushikana kanzu kwa ajili ya siku moja. Saida amesema, "Nyinyi wanaume, mwezi iko juu na nyinyi mnapigania hapa chini."

18 Mei, Jumatatu

Upande wa utetezi. Kang'ethe mwenyewe aliapa kwamba siku ya Imajensi hakuwa Gitothua. Alikuwa Witeithie kwa wakwe, kupeleka ruracio, yaani mahari, ya mchumba wake Idah, ambaye sasa ni mkewe. Mbuzi walipelekwa, pombe ya muratina ikanywewa, akalala huko.

Kisha akapanda Muigai, baba yake Idah, na kofia mkononi.

"Ni kweli kabisa. Huyu mkwe wetu alikuja siku ile ya Imajensi, tukanywa na yeye tangu mchana. Hata taa alituletea mafuta yake mwenyewe, zikawaka mpaka kuku wakadhani kumekucha, wakaanza kuwika. Wageni wakalala kwangu. Asubuhi tukaenda kanisani na wao, tukarudi tukala mabaki."

"Una hakika ni siku hiyo?"

"Ii, Bwana! Mtu atasahau siku ya Imajensi?"

Jibu lilelile la Gichuru, karibu kwa pumzi ileile. Hakimu alitua kalamu akawatazama wote wawili. Mtu hawezi kununua mafuta Gitothua jioni ileile anayokunywa pombe Witeithie tangu mchana. Mmoja lazima awe mwongo. Inspekta anayeongoza mashtaka alitabasamu, maana hakimu akibaki na waongo wawili, humwamini aliyeletwa na Serikali.

Mimi sikuona haja ya kuchagua. Niliona waongo wawili.

19 Mei, Jumanne

Waithira alinisubiri kwenye mfereji wa maji nyuma ya korti, nilipokwenda kutia udhu.

"Mwana wa Njambi," akaniita kwa jina la mama yangu. Hakuna aliyeniita hivyo tangu tumzike. "Mama yako na mimi tulichuma kahawa pamoja. Nisaidie kitu kimoja. Maneno ya Muigai, ukiyapeleka kwa Mzungu, yapeleke na nguvu. Ya Gichuru yapeleke tu hivyo hivyo."

"Maitu, mama yangu, siwezi. Nimekula kiapo cha korti. Nayapeleka yalivyo."

"Na wewe unaamini nani?"

Nikamwambia mfereji hauamini maji. Nilidhani nimesema jambo la maana. Alifungua kikapu akanipa viazi vitamu vya kuchoma, akakumbuka kwamba nimefunga, akavirudisha. "Utakula jioni," akasema, akavitoa tena. Nilivila jioni. Vilikuwa vitamu, na sikufurahia.

26 Mei, Jumanne

Mvua inapungua. Uamuzi utatolewa baada ya sherehe za Malkia.

2 Juni, Jumanne

Malkia amevikwa taji huko Landani, nasi tumevikwa jua hapa Thika. Gwaride lilikuwa uwanjani tangu asubuhi. Watoto wa shule walipewa vikombe vyenye picha yake na peremende. Maofisa wote walikuwa na nishani. Ng'ombe wawili walichomwa, moshi wao ukawa unanifuata kila nilikosimama, na mimi nimefunga. Odhiambo alikula mbele yangu kwa heshima, akinigeuzia mgongo.

Katikati ya hotuba kipaza sauti kikatangaza kwamba watu wamefika juu ya Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, ambako hakuna aliyewahi kufika. Wazungu walirusha kofia. Bwana mmoja mnene alimkumbatia mwenzake, na Waingereza hawakumbatiani. Siku moja, taji na mlima! Nimemsimulia Saida wakati wa futari, hata yeye amesema hiyo ni bahati ya mtu aliyezaliwa na bahati. Nitawasimulia wajukuu: siku Malkia alipovikwa taji, siku hiyohiyo watu walipanda Everest, na mimi nilikuwa pale uwanjani.

5 Juni, Ijumaa

Leo nimeaibika, na nimeogopa.

Odhiambo alikuja na gazeti na kalamu yake. Anataka kuuandika mlima kwenye kalenda. Nikamwambia, "Tia tarehe 2, pamoja na taji." Akasema hapana, ni tarehe 29 Mei, Ijumaa iliyopita. Nikambishia. Nilibisha nikiwa na saumu, nikapandisha sauti mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Nikamwambia mimi nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu, siku ya taji, Wazungu wakirusha kofia. Nilikuwa tayari kuapa. Naandika hili bila kulipunguza: kama angeniletea Msahafu pale mezani, ningeuwekea mkono.

Akanigeuzia gazeti. Walifika kileleni Ijumaa. Habari ndiyo iliyofika Jumanne.

Nimejaribu kukumbuka Ijumaa ile. Nilifuturu kwa samaki mkavu. Hakuna zaidi. Ijumaa haina kitu cha kushikia, na Jumanne ina nishani, moshi na kofia hewani. Mlima mrefu kuliko yote duniani umehamishwa kutoka siku moja hadi nyingine, na mimi nilikuwa mmoja wa wachukuzi, kwa moyo safi kabisa, baada ya siku tatu tu. Gichuru na Muigai walikuwa wakikumbuka jambo la miezi saba.

Mchana kutwa maneno yao yamekuwa yakinirudia. Yalipitia kinywani mwangu na sikuyasikia. "Vibarua walikuwa wametoka kulipwa." Mashamba yote ya kahawa ya Ruiru hulipa Jumamosi, hakuna asiyejua. "Asubuhi tukaenda kanisani na wageni." Nani huenda kanisani asubuhi ya Jumanne? Wote wawili wanasema habari za Jumamosi. Ni tarehe 18 Oktoba, siku mbili kabla. Kang'ethe alinunua mafuta kwa Gichuru jioni, akapanda baiskeli na debe lake hadi Witeithie, na ndizo taa zilizowachanganya kuku wa Muigai. Kuhusu "tangu mchana", mzee ambaye kumbukumbu yake imepoteza siku nzima hashindwi kupoteza saa chache.

Hakuna aliyefundishwa. Hakuna aliyedanganya. Imajensi imekuja na tumbo lake kubwa ikameza kila kilichokuwa karibu, ng'ombe, kengele, cherehani na ruracio. Mimi nilikaa pale nikiwacheka, mtoto wa mwanamke wa Gitothua.

6 Juni, Jumamosi

Nimemweleza Saida yote. Alikuwa akichambua mchele na hakunyanyua uso.

"Sasa nenda ambia hakimu."

"Nikimwambia, Gichuru hana ushahidi tena. Lakini na Muigai pia hana. Kijana hatakuwa na mtu wa kusema alikuwa wapi Jumatatu."

"Kwani alikuwa wapi Jumatatu?"

"Sijui."

"Basi ukinyamaza?"

"Nikinyamaza, hakimu atachagua kati ya waongo wawili. Atamchagua wa Serikali."

Alipepeta. Pumba zikaruka mlangoni. "Wewe si ulisema ni mfereji," akasema. "Mfereji inaulizana na maji siku gani?"

Mke mwingine angesema nitapoteza kazi. Huyu hakusema, ingawa najua aliifikiria, kwa sababu mchele ule aliuchambua mara ya pili.

8 Juni, Jumatatu

Nimekwenda ofisini kwa hakimu kabla ya korti kuketi. Nilisimama. Nilimweleza kuhusu siku ya malipo na siku ya kanisa. Sikutaja mlima, maana hata yeye nilimsikia akiuunganisha na taji, na ukimwomba mtu msaada huanzi kwa kumtia kidole jichoni.

Si mjinga. Alifungua kumbukumbu za kesi, akakuta sentensi zote mbili kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Unajua kazi yako ni ipi?"

"Kutafsiri, Bwana."

"Na hii ni nini?"

"Hii pia ni kutafsiri, Bwana. Nilitafsiri maneno nikaacha watu."

Hakulipenda jibu hilo. Lakini akasema mashahidi waitwe tena. Nilipofika mlangoni akaniita. "Unaelewa kwamba unamwondolea mshitakiwa ushahidi wake wa mahali alipokuwa?" Nikasema naelewa. Nilitamani asiniulize.

10 Juni, Jumatano

Gichuru ameulizwa kuhusu malipo ya vibarua. Alihesabu siku kwa vidole, midomo ikienda. Kisha jasho likamtoka. "Ngai," akasema, akimwita Mungu, na hili nililivusha pia. "Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu duka yangu hata haikuwa na watu." Akamgeukia Kang'ethe kizimbani. "Kijana, nisamehe. Mimi niliona kweli ni siku ile."

Muigai alichukua muda zaidi, kwa sababu aliona shimo linakoelekea. Mara ya kwanza alisema pengine walikwenda kanisani Jumanne. Inspekta akauliza, kanisa gani. Mzee akaikunja kofia yake mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha kufutia ubao. "Ilikuwa Jumapili," akasema. "Mahubiri yalikuwa marefu."

Ndipo Inspekta akamwuliza Kang'ethe alikokuwa Jumatatu usiku, tarehe 20, kama si Witeithie. Kijana alifikiri kwa uaminifu wote. Nilimwona akitafuta.

"Sijui. Nyumbani, nafikiri. Nililala. Nani anakumbuka Jumatatu?"

Nikavusha. Kwa Kiingereza lilisikika baya, na nilipolitafutia neno laini zaidi sikulipata, kwa sababu ndivyo alivyosema.

Waithira hakunisubiri kwenye mfereji. Alinipita barazani. "Asante, karani," akasema. Jina la mama yangu ameshalichukua.

11 Juni, Alhamisi

Uamuzi kesho. Sikulala vizuri. Saida amesema niliongea Kiingereza usingizini, akaniuliza kama bati limeelewa.

12 Juni, Ijumaa

Hakimu alisoma uamuzi kwa muda mrefu na sauti kavu. Nilikuwa nyuma yake kwa sentensi moja, nikiuvusha kwa Kikuyu, na watu wote walitazama mdomo wangu badala ya wake. Kwamba shahidi Gichuru alikosea siku kwa nia njema. Kwamba hakuna aliyemwona mshitakiwa karibu na ghala usiku wa moto. Kwamba shitaka halikuthibitishwa, na mshitakiwa yuko huru.

Baraza lote lilipumua. Waithira aliinuka nusu. Hakimu aliinua kidole, kwa kuwa alikuwa hajamaliza. Akaongeza kwamba korti inaona haja ya kutaja kuwa mshitakiwa ameshindwa kueleza alikokuwa usiku wa tarehe 20 Oktoba. Sentensi moja tu. Nikaivusha. Inspekta aliiandika.

Kang'ethe alifunguliwa pingu, akajisugua mikono, akacheka na askari aliyemfungua. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia nimletee baiskeli, ataifanya yote, breki na mnyororo, bure. Nikamwambia nitaleta Jumatatu. Nilifurahi, sina haja ya kuficha, nilifurahi kama mtoto.

Tulitoka pamoja. Kwenye ngazi za mbele lori lilikuwa linangoja na injini inawaka. Inspekta akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akaniita. "Mkalimani. Msomee."

Ilikuwa amri ya kumweka kizuizini chini ya sheria za Hali ya Hatari, bila mashitaka, bila muda. Kama sababu pameongezwa kwa kalamu maneno ya hakimu, kwamba mtu huyu ameshindwa kueleza alikokuwa usiku ule. Maneno yaliyopatikana kwa sababu mimi nilikwenda ofisini Jumatatu asubuhi nikasimama. Nilimsomea. Sauti yangu ilitoka kama kawaida, na hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote. Alinisikiliza akitikisa kichwa polepole, kama anavyomsikiliza mteja akimweleza baiskeli inavyolia. Pingu alivuliwa ndani, akavikwa nyingine nje, na kati ya hizo mbili alikuwa amefika ngazi ya tatu.

Waithira aliukimbilia ubao wa nyuma wa lori akaushika mpaka lilipoanza kwenda. Kisha akakaa chini palepale barabarani, vitu vya kikapu vikamwagika. Nilikwenda kuviokota. Aliniacha niviokote.

Idah alifika vumbi la lori likiwa bado hewani. Basi alilopanda lilikuwa limezuiliwa njiani na askari. Amebeba mimba kubwa, na alikuja akikimbia kwa jinsi mtu wa hali hiyo anavyoweza, akicheka, kwa sababu mtu aliyetoka mapema alikuwa amempa habari pale kona.

"Wamemwachilia!" akamwambia mkwewe.

"Wamemwachilia," Waithira akasema kutoka chini.

"Yuko wapi?"

"Wamemchukua."

"Lini?"

"Leo."

Idah alitazama mlango wa korti, akatazama barabara. Akanigeukia mimi, mwenye tai. "Wewe unajua maneno ya Wazungu. Niambie nikamwambie baba. Leo wamemfungua au wamemfunga?"

"Yote mawili," nikasema.

Alinikazia macho. Akaniambia niseme kwa Kikuyu.

Nilikuwa nimesema kwa Kikuyu.